Kichefuchefu kizuiwe kabla ya dripu

Sisplatini, dawa ya saratani, hutapisha karibu kila anayetundikiwa dripu yake bila kinga. Seli za utumbo hushtuka na kumwaga kemikali iitwayo serotonini, nayo huchokoza neva inayopeleka habari kwenye ubongo. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kichefuchefu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, huziba pale serotonini inapotaka kunasa. Lakini lazima itangulie: hutolewa kama nusu saa kabla ya dripu, pamoja na dawa nyingine, deksamethasoni. Kungoja mpaka mgonjwa akumbatie beseni ni kumtesa bure. Kweli, ondansetroni inaweza kufunga choo, hata kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo amwambie daktari mapema. Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha miongoni mwa dawa muhimu. Hivyo mgonjwa asitumwe kuitafuta madukani huku dripu ikimsubiri.