Mzazi na Kijana Mwenye Alama za Wastani: Udahili wa Vyuo vya Marekani kwa Familia Zinazozungumza Kiswahili

Mada hii inahusu wajibu wa mzazi katika kumsaidia kijana mwenye alama za wastani kutafuta chuo nchini Marekani, na imeandaliwa kwa kuzingatia familia zilizotoka Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo ambazo zimeweka makazi huko na ambazo watoto wao wanasoma katika sekondari za umma, yaani darasa la 9 hadi la 12. Alama za wastani zinazokusudiwa hapa ni zile ambazo wastani wake wa jumla, unaojulikana kwa kifupi chake GPA, uko kati ya takriban 2.3 na 3.2 katika kipimo cha kawaida cha 4.0, ambamo A huhesabiwa pointi 4, B pointi 3, C pointi 2 na D pointi 1. Hoja inayotetewa ni kwamba mzazi aliyelelewa katika mfumo wa mtihani mmoja wa taifa huisoma namba hiyo kama hukumu iliyokwisha kutolewa, ilhali vyuo vya Marekani huisoma pamoja na kumbukumbu ya miaka minne iliyo nyuma yake. Kwa hiyo msaada wa kwanza anaoweza kuutoa ni kujifunza kuisoma kumbukumbu hiyo kabla ya kutaja jina la chuo chochote.

Mazoea hayo yana chimbuko lake. Nchini Tanzania mtahiniwa wa kidato cha nne hupangiwa divisheni na Baraza la Mitihani. Nchini Kenya alama ya jumla ya C+ katika KCSE ndiyo mlango wa kuingilia shahada ya chuo kikuu. Na nchini Kongo asilimia aliyoipata mtu katika mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari huandikwa katika diploma yake na kukumbukwa miaka mingi baadaye. Mzazi aliyepitia mifumo hiyo anapouliza “umepata ngapi?” anauliza swali ambalo kwao lilikuwa na jibu moja lenye kuamua mengi. Marekani haina mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari wala chombo kimoja cha serikali kinachowagawa wanafunzi vyuoni. Kila chuo hudahili kwa vigezo vyake, na tofauti kati ya chuo na chuo ni kubwa mno kiasi kwamba kijana yuleyule hukataliwa mahali pamoja na kukaribishwa kwa ruzuku mahali pengine.

Kusoma karatasi ya matokeo

Karatasi rasmi ya matokeo huonyesha kila somo, kila muhula, tangu darasa la 9. Ichukuliwe mfano wa kijana ambaye darasa la 9 alipata wastani wa 2.2, darasa la 10 akapata 2.5, na darasa la 11 akapata 3.1. Iwapo idadi ya masomo ililingana kila mwaka, GPA yake ni 2.6, namba ambayo ikisomwa peke yake inamwonyesha kuwa mwanafunzi wa kawaida tu. Lakini anayeisoma mwaka kwa mwaka anaona kijana anayepanda, aliyeanza na D katika aljebra na kufikia B katika hisabati ngumu zaidi. Kwa familia zilizofika kutoka kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, hali hii si ya kubuni: wapo watoto wengi walioingia darasa la 9 wakiwa bado wanajifunza Kiingereza, na alama zao za mwaka wa kwanza zilipima lugha kuliko zilivyopima baiolojia. Fomu ya maombi ya pamoja iitwayo Common App, inayotumiwa na zaidi ya vyuo 1,000, ina sehemu maalumu ya maelezo ya ziada, na aya fupi isiyo na malalamiko inayoeleza kijana alifika lini, alikuwa akisoma kwa lugha gani, na nini kilibadilika, humsaidia msomaji kuitafsiri karatasi kwa haki.

Mambo mengine mawili katika karatasi hiyo yanastahili jicho la mzazi. La kwanza ni aina ya masomo, kwa kuwa C katika kemia na B katika somo jepesi la kuchagua hazina uzito sawa machoni pa chuo, na baadhi ya shule huongeza pointi kwa masomo ya kiwango cha juu, ndiyo maana GPA mbili tofauti zinaweza kuonekana katika karatasi moja. La pili ni pengo, yaani somo linalotakiwa na vyuo ambalo kijana hajalisoma au alilifeli, kwani somo hilo huweza kurudiwa wakati wa likizo ya kiangazi. Utafiti wa Elaine Allensworth na Kallie Clark uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia wahitimu wa shule za umma za Chicago, ulionyesha kwamba GPA ya sekondari ilitabiri kumaliza chuo kwa nguvu zaidi kuliko alama za mtihani wa udahili wa ACT. Kwa hiyo mzazi mwenye fedha kidogo za kulipia masomo ya ziada ana sababu nzuri ya kuzielekeza kwanza kwenye aljebra ya muhula huu kuliko kwenye matayarisho ya mtihani huo.

Karatasi hiyo isomwe pamoja na mshauri wa shule. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na wastani wa nchi unazidi hapo kwa mbali, hivyo mshauri anayengojwa aite huenda asiite. Mzazi aombe miadi katika nusu ya pili ya darasa la 11, na akihitaji mkalimani aseme hivyo mapema, kwa kuwa shule za umma zina wajibu wa kisheria wa kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Kumtumia mtoto mwenyewe kuwa mkalimani wa kikao kinachozungumzia alama zake ni kumbebesha mzigo usiomstahili.

Vyuo vinavyomfaa

Katika harusi, misiba na mikutano ya makanisa na misikiti, majina yanayotajwa ni yaleyale ya vyuo vichache vinavyokataa karibu kila mwombaji, na mzazi ambaye mtoto wake ana 2.7 huondoka akiwa ameinamisha kichwa. Takwimu hazimpi sababu ya kufanya hivyo. Uchambuzi uliotolewa na Pew Research Center mwaka 2019, uliohusu vyuo zaidi ya 1,300 vya miaka minne, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya vyuo hivyo vilidahili angalau theluthi mbili ya waombaji, na ni vyuo 17 tu vilivyodahili chini ya asilimia 10. Mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo la California, unaojulikana kwa kifupi CSU, huweka GPA ya 2.5 katika masomo yaliyoainishwa kuwa kiwango cha kustahili kwa mkazi wa jimbo hilo, ingawa baadhi ya kampasi na programu zenye ushindani hudai zaidi. Idaho ilianzisha mwaka 2015 udahili wa moja kwa moja, utaratibu ambao jimbo humwandikia mwanafunzi, kabla hajaomba, kumjulisha vyuo vilivyo tayari kumpokea kwa rekodi yake. Minnesota, ambako jumuiya za Afrika Mashariki ni kubwa, ilianza utaratibu wa namna hiyo kwa wanafunzi waliohitimu mwaka 2023.

Njia ya vyuo vya jamii inahitaji kutetewa kwa uwazi, kwa sababu wazazi wengi wanaidharau. Hivi ni vyuo vya umma vya miaka miwili, ambavyo kwa kawaida humpokea kila mhitimu wa sekondari, na ada yake kwa mkazi wa eneo ni wastani wa takriban dola 4,000 kwa mwaka, ikilinganishwa na zaidi ya dola 11,000 katika vyuo vya umma vya miaka minne kwa wakazi wa jimbo. Katika majimbo mengi vyuo hivi vina mikataba ya kuhamisha wanafunzi, ambayo hutaja masomo gani na wastani gani vitamwezesha mwanafunzi kuingia mwaka wa tatu wa chuo kikuu fulani, naye akifika huko hutunukiwa shahada ileile wanayotunukiwa wenzake. Hatari ipo, na isifichwe: wengi wanaoanza kwa nia ya kuhamia hawafiki huko, mara nyingi kwa sababu walichukua masomo yasiyohamishika au walifanya kazi saa nyingi mno. Mzazi anayeukubali mpango huu akubali pia kumpunguzia kijana zamu za kazi, na ahakikishe kwamba mkataba wa kuhamia umesomwa kabla ya kujisajili kwa somo la kwanza.

Mitihani

Mitihani inayojulikana ni SAT, yenye alama kuanzia 400 hadi 1600 na ambayo tangu mwaka 2024 hufanywa kwa kompyuta kwa saa mbili na ushee, na ACT, yenye alama 1 hadi 36. Vyuo vingi sasa vimeifanya kuwa ya hiari, maana yake mwombaji ndiye anayeamua kama atatuma alama. Kampasi za Chuo Kikuu cha California na za CSU hazizitazami kabisa katika kudahili, ilhali vyuo vikuu vya umma vya Florida vinaendelea kuzidai. Kwa kijana wa wastani kanuni inayotumika ni kutafuta alama za nusu ya katikati ya waliodahiliwa katika chuo husika, ambazo vyuo vingi huzitangaza, na kuzituma zake endapo zinaangukia katikati ya kundi hilo au juu yake. Mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 kutoka familia ya kipato kidogo anaweza kufanya SAT mara mbili kwa msamaha wa malipo, na msamaha huohuo humfungulia msamaha wa ada za maombi katika vyuo vingi. Mshauri wa shule ndiye anayeutoa. Kufanya mtihani mara mbili kunatosha kwa wengi.

Ziara ya chuo

Ziara hufanywa vizuri zaidi katika majira ya kuchipua ya darasa la 11 au mwanzoni mwa darasa la 12, wanafunzi wakiwa bado wapo chuoni. Kwa kawaida haina malipo, hutanguliwa na kujiandikisha, na huwa na kikao cha maelezo kinachofuatwa na matembezi yanayoongozwa na mwanafunzi wa chuo. Waongozaji huonyesha maktaba mpya, ukumbi wa michezo na chumba cha bweni kilichopambwa. Kijana mwenye alama za wastani anahitaji kuona mahali ambapo matembezi huwa hayafiki, yaani kituo cha msaada wa masomo. Familia iende huko yenyewe baada ya matembezi, saa za mchana, itazame kama meza zina watu, kama kuna msaidizi wa hisabati na wa uandishi, kama kituo hufunguliwa usiku wa Jumapili ambapo kazi nyingi husubiri kukabidhiwa Jumatatu, na kama mwanafunzi huhitaji rufaa ya mwalimu au huingia tu. Maswali mengine mawili yaulizwe katika ofisi ya udahili: ni asilimia ngapi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hurudi mwaka wa pili, na wangapi huhitimu ndani ya miaka sita. Takwimu za namna hiyo zinapatikana pia katika tovuti ya serikali iitwayo College Scorecard, na chuo kisichoweza kuzieleza bila kubabaika kinastahili kutiliwa shaka.

Hapa malezi ya Kiswahili yanagongana na mategemeo ya wenyeji. Kijana aliyefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa na kuinamisha macho anapoongea nao anafanya yanayostahili kusifiwa nyumbani, lakini ofisa wa udahili asiyeijua adabu hiyo huweza kuiona kuwa ni kutopenda chuo. Njia ya busara ni mzazi kumruhusu kijana waziwazi, kabla ya kutoka nyumbani, kuuliza na kujibu mwenyewe, naye mzazi akabaki na maswali ya fedha na usalama. Baadhi ya vyuo binafsi huweka kumbukumbu ya waliotembelea na kuihesabu kuwa ishara ya nia ya kweli. Vyuo vikubwa vya umma mara nyingi havifanyi hivyo. Ambaye hana nauli ya kwenda mbali anaweza kuanza na chuo chochote kilicho karibu, kwa kuwa jicho lililozoea kutazama chuo kimoja hutazama kingine vizuri zaidi, hata kwa intaneti.

Insha na fedha

Insha kuu ya Common App haizidi maneno 650, na inapaswa kuwa sauti ya kijana. Wapo wazazi na washauri wanaomsukuma mtoto wa mkimbizi asimulie vita na kambi kwa kuamini kwamba mateso humlainisha msomaji. Kijana hana deni hilo kwa ofisi yoyote. Akichagua mwenyewe kusimulia ni haki yake, na akichagua kueleza anavyowatafsiria bibi na babu barua za hospitali, au anavyotengeneza baiskeli za majirani, ameandika jambo lenye uzito uleule.

Fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, FAFSA, kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na ndiyo mlango wa ruzuku ya Pell, isiyorudishwa, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025-26 ni dola 7,395. Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye ukaazi wa kudumu wanastahili kuomba. Tatizo linalozikumba familia za Kiafrika hasa ni maana ya mzazi: katika FAFSA, mzazi ni aliyemzaa au aliyemwasili mtoto kisheria, pamoja na mwenzi wake wa ndoa katika hali fulani. Mjomba au shangazi aliyemlea kijana tangu utotoni hahesabiwi, na kipato chake hakijazwi, hata kama ndiye anayelipa kila kitu. Kijana ambaye mahakama ilimweka chini ya mlezi wa kisheria, au ambaye wakati wowote tangu alipotimiza miaka 13 hakuwa na mzazi aliye hai, huhesabiwa kuwa anajitegemea. Asiye na hati ya mahakama, na ambaye wazazi wake wako mbali au hawajulikani walipo, azungumze na ofisi ya misaada ya chuo, ambayo ina mamlaka ya kupitia mazingira ya pekee kwa ushahidi wa barua za shule, viongozi wa dini au mashirika ya makazi mapya.

Barua za msaada zinapofika, zilinganishwe kwa kutenganisha ruzuku na mikopo, kwa kuwa vyuo vingi huziandika pamoja kana kwamba zote ni zawadi. Chuo chenye ada kubwa na ruzuku kubwa kinaweza kugharimu kidogo kuliko chuo chenye ada ndogo na mikopo mitupu.

Vyuo vingi hutaka jibu ifikapo tarehe 1 Mei, lakini kazi ya mzazi inaendelea hadi Agosti, kwa sababu baadhi ya vijana waliodahiliwa, hasa wa familia ambazo hakuna aliyewahi kusoma chuo huko, hawafiki darasani siku ya kwanza kutokana na karatasi zilizosahaulika: rekodi ya chanjo, mtihani wa kupangiwa kiwango cha hisabati, uthibitisho wa kipato uliodaiwa baada ya FAFSA, amana ya bweni. Ujumbe wa mambo hayo huenda kwenye barua pepe mpya ya chuo ambayo kijana huwa hajaanza kuifungua, na kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu rekodi za elimu, akishaanza kusoma chuoni haki juu ya rekodi zake ni zake, hivyo ofisi inaweza kukataa kumwambia mzazi lolote bila idhini yake ya maandishi. Idhini hiyo ijadiliwe nyumbani mwezi Juni, na barua pepe hiyo ifunguliwe na kijana kila jioni, mzazi akiwa ameketi kando yake.