Kizingiti cha Karakana: Ujenzi wa Depo ya Reli Juu ya Ardhi Laini

Depo ya reli hutaka uwanja mpana ulio sawa, kwa kuwa mabehewa hayaegeshwi mtelemkoni. Viwanja vya namna hiyo mara nyingi ni vile vilivyolazwa na maji: mabonde ya mito, vinamasi na pwani za matope. Nairobi ilizaliwa hivyo. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika hapo mwishoni mwa Mei 1899, pakachaguliwa pawe makao na karakana, maana ndipo palipokuwa na tambarare ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda kuelekea Kikuyu. Maji yalikuwapo pia; jina lenyewe la Kimaasai lina maana ya maji baridi. Uwanja wenyewe, hata hivyo, ulikuwa kinamasi chenye udongo mweusi wa mbuga.

Udongo huo una tabia yake. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huingia. Masika yakifika hunywa maji, nyufa hufunga na ardhi huvimba. Nguzo nzito inayobeba paa hutulia mahali pake, lakini sakafu nyepesi iliyo kando yake huinuliwa. Dawa iliyozoeleka ni kuuchimba na kuuondoa, kuweka kifusi kisichovimba, au kuuchanganya na chokaa, kisha kuzuia maji ya mvua yasifike chini ya jengo. Mfereji mbovu wa paa unatosha kuharibu kazi yote hiyo.

Mfinyanzi laini wa mabondeni una ugonjwa mwingine: hauvimbi, unatitia. Uzito ukiwekwa juu yake, maji yaliyomo hukamuliwa polepole na tabaka hupungua unene. Karl Terzaghi alieleza hesabu ya mwendo huo katika kitabu chake cha 1925, na ndani yake mna kanuni yenye faida kubwa: muda wa kukamuka hufuata mraba wa umbali ambao maji husafiri hadi nje. Tabaka la mita 10 linalotoa maji juu na chini humlazimisha mjenzi kusubiri maji yasafiri hadi mita 5. Akishindilia tepe za kuchuja maji wima kila baada ya mita 1.5, safari hubaki kama mita 0.75, na muda hupungua, kwa makadirio, zaidi ya mara 40. Miaka 20 hugeuka miezi 6. Juu ya tepe hizo hurundikwa kifusi kizito kuliko depo yenyewe, ardhi ititie mapema, kisha kifusi huondolewa. Mboji ni ngumu zaidi kutibu, kwa kuwa huendelea kushuka hata baada ya maji kwisha kukamuka.

Jengo lote likishuka sentimita 10 kwa pamoja, kazi yaweza kuendelea. Likishuka upande mmoja sentimita 2 tu, kreni ya juu hubana kwenye reli zake, na mashine ya kuchonga magurudumu iliyo chini ya sakafu hukosa vipimo. Ndiyo sababu jengo kuu na mashimo ya ukaguzi husimamishwa juu ya nguzo ndefu za zege zinazopenya matope hadi kwenye mchanga mgumu au mwamba. Nguzo hizo zina mzigo ambao mbunifu asiye makini huusahau: udongo unaotitia huzing'ang'ania ubavuni na kuzivuta chini. Uzito huo lazima uongezwe kwenye ule wa paa na treni.

Paa nalo lapasa kuwa jepesi, lenye nguzo chache. Depo ya Stratford Market, mashariki mwa London, iliyojengwa miaka ya 1990 kwa ajili ya njia ya reli ya Jubilee, ina paa la chuma la upana wa mita 100 na urefu wa mita 190. Nguzo zikiwa chache, misingi ya kuchimba katika bonde kama lile la mto Lea, ilipo depo hiyo, hupungua.

Shimo la ukaguzi huleta hatari inayopingana na hizo zote: kuelea. Shimo la kina cha mita 1.5, maji ya ardhini yakifika usawa wa sakafu ya karakana, husukumwa juu kama mtumbwi mtupu. Kitako chake, kikitegemea uzito wake peke yake, kingehitaji zege nene zaidi ya mita 1. Ni nafuu kukifunga kwa nondo kwenye nguzo za chini, ambazo hapo hufanya kazi ya nanga.

Mahali panapohitaji uangalifu kuliko pote ni kizingiti. Ndani, reli imelala juu ya nguzo na haishuki. Nje, imelala juu ya kokoto na tuta, nayo hushuka. Mlangoni huzaliwa ngazi ndogo, kila gurudumu huigonga, na kila pigo huiongeza. Bamba refu la zege, ncha moja juu ya jengo na nyingine juu ya tuta, huigeuza ngazi hiyo kuwa mtelemko mdogo. Nguzo fupi zinazopungua urefu kadiri zinavyotoka nje husaidia pia. Reli ya uani huinuliwa kwa jeki na kushindiliwa kokoto upya. Iliyofungwa kwenye zege ya sakafu haina nafasi hiyo. Fedha za misingi zikiwa haba, zianzie kizingitini.