Mzigo wa Leo na Ekseli Yake

Somo letu linatoka katika Waraka wa Paulo kwa Wafilipi, mlango wa 4, mstari wa 10 hadi wa 13. Kama unayo Biblia karibu, ifungue uweke kidole hapo. Kama uko njiani, sikiliza tu.

Ninatoka Mlolongo, katika Kaunti ya Machakos, na kila aliyesafiri kwa barabara ya Mombasa anapajua. Wazee wa hapa husimulia kwamba jina hilo lilitokana na malori yaliyokuwa yakijipanga kungoja kupimwa uzito kwenye mizani, safu ndefu usiku na mchana, na mji ukaota kando yake: hoteli za chai, nyumba za wageni, mafundi wa magurudumu, na makanisa pia. (Wengine hulikumbuka neno hilo kwa sababu ya mwaka 1988, watu walipojipanga nyuma ya wagombea wa KANU badala ya kupiga kura ya siri, lakini hiyo ni foleni nyingine, tuiache.) Basi sisi ni watu wa mji ulioitwa kwa sababu ya kungoja. Ungedhani tumejifunza kungoja kuliko watu wengine. Hatujajifunza, na mchungaji wao alikuwa wa mwisho darasani.

Mwishoni mwa mwaka 2021, ile barabara ya juu ya kulipia, yenye kilomita 27 kutoka hapa Mlolongo hadi Westlands, Nairobi, ilikuwa bado inajengwa. Ilifunguliwa mwaka uliofuata. Siku zile huku chini palikuwa na vumbi na magari tu. Jioni moja nikapigiwa simu kwamba mmoja wa akina mama wa parishi yetu, aliyelazwa hospitali Nairobi, amezidiwa, naye anamwulizia mchungaji. Nikachukua Biblia na vyombo vya Ushirika Mtakatifu, nikaingia garini. Sijafika hata njia ya kwenda uwanja wa ndege, magari yakasimama.

Yalisimama saa mbili. Nilitazama saa, nikapiga honi, nikazima injini, nikaiwasha tena. Niliwalaumu wajenzi, nikailaumu serikali, nikawalaumu madereva wa matatu waliopita kando ya barabara, na mwishowe nikamlaumu Mungu mwenyewe, kwa adabu, kama sisi wachungaji tunavyojua kufanya. Nilijiona nimefika nimechelewa. Nikasikia jamaa za mgonjwa wakinung'unika, nikatunga na majibu ya kuwapa. Nilipofika kweli, mama alikuwa ameaga dunia kama nusu saa hivi.

Mume wake alikuwa dereva wa lori, sasa amestaafu. Miaka mingi alivuta mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala. Nilimkuta ameketi kwenye benchi ameshika kofia yake. Nikamwomba radhi, nikaanza kumweleza habari za foleni. Akaniinulia mkono.

"Mchungaji, foleni naijua. Niambie tu, huko njiani ulimwombea?"

Mpenzi msikilizaji, sikuwa na jibu. Katika saa mbili nzima sikuwa nimeomba hata sala moja. Mama aliniita, nami nilikuwa peke yangu, hakuna wa kunikatiza, Biblia iko kwenye kiti cha pembeni. Kufika kitandani kwake hakukuwa mikononi mwangu. Lakini kumchukua mbele za Mungu ningeweza, pale pale kati ya malori mawili. La kwanza nilinyimwa na foleni. La pili nilijinyima mwenyewe.

Baada ya mazishi nilikwenda kumtembelea mzee. Hakunilaumu. Alinieleza kazi yake ya zamani, na ndipo nilipojua jambo ambalo nilikuwa nimelipita kila siku bila kulijua. Mizani haipimi jumla ya lori peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori kubwa kabisa hadi tani 56 pamoja na mzigo wake, lakini kila ekseli, yaani kile chuma kinachobeba magurudumu ya pande mbili, nayo ina kipimo chake. Dereva anaweza kuwa na mzigo halali kwa jumla na bado akazuiwa, kwa sababu wapakiaji wameulaza wote upande mmoja. Basi huambiwa asogee kando aupange upya. Gunia ni yale yale, hakuna linaloshushwa likaachwa, ila sasa kila ekseli imepata sehemu yake.

"Wewe siku ile ulipakia vibaya," akaniambia. "Kufika kwako, na maneno ya watu, na mazishi, vyote ulivirundika juu ya ile dakika uliyokuwa nayo. Dakika moja haiwezi kubeba hivyo, Mchungaji."

Bwana wetu alisema neno hilo hilo mlimani, tena kwa maneno machache, kwamba siku ina taabu yake inayoitosha (Mathayo 6:34). Nimelihubiri mara nyingi. Sikujua kwamba lina habari za ekseli.

Sasa turudi kwa Paulo. Anawaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, naye asema amejifunza kuridhika katika hali yoyote aliyo nayo. Amejifunza, asema, wala hakuzaliwa hivyo. Katika chuo cha theolojia mwalimu wetu wa Kiyunani alitukalisha juu ya neno moja la mstari ule wa 11, autarkēs. Wanafalsafa wa Kistoa walilipenda sana. Kwao lilikuwa sifa ya mtu anayejitosheleza mwenyewe, asiyetikiswa na lolote. Paulo analichukua neno lao, kisha katika mstari wa 13 anaonyesha kwamba nguvu zake si zake, ni za yule amtiaye nguvu. Siku hizi kuna vitabu na mafundisho mengi ya kutuliza moyo, kuvuta pumzi polepole na kuitambua dakika uliyomo. Siyadharau. Ningalivuta pumzi mbili siku ile huenda ningaliikumbuka Biblia yangu. Lakini mtu akiingia ndani ya moyo wake asimkute ila yeye mwenyewe, atachoka upesi.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Mtu akisikia neno kukubali, hudhani ni kunyamaza. Hapa kwetu maji ya visima vingi ni ya chumvi, na mama hununua maji ya kunywa kwa mtungi. Je, nimwambie akubali, iishe? Soma Matendo 16. Katika mji ule ule wa Filipi, Paulo na Sila walipigwa bila hukumu wakatiwa gerezani, na usiku wa manane walikuwa wakiomba na kuimba. Walikubali kwamba usiku ule wako pale. Lakini asubuhi, wakuu walipotuma watu wawafungue kimyakimya, Paulo alikataa kutoka mpaka wakuu waje wenyewe, kwa kuwa alikuwa raia wa Rumi na alitendewa isivyo haki. Ni Paulo huyo huyo, na nadhani wimbo wa usiku ndio uliompa sauti tulivu ya asubuhi. Kwa hiyo, mama wa mtungi, nenda kwenye mkutano wa wadi ukaulize habari ya maji. Tena nenda umelala usingizi.

Utauliza, mimi nafanyaje siku hizi? Kidogo sana. Magari yakisimama, nasema kwa sauti mahali nilipo: niko Syokimau, ni saa kumi na mbili jioni, nawe Bwana uko hapa. Kisha namtaja mtu ninayemwendea kwa jina lake. Kisha najiuliza ni lipi lililo mikononi mwangu sasa hivi, na kwa kawaida ni usukani tu. Mara nyingi baada ya dakika tano nimerudia kupiga honi. Basi naanza tena kutoka Syokimau.

Yule mzee yungali hai. Jumapili hukaa mstari wa tatu, na nikichelewa kuanza ibada hutazama saa yake, kisha hunitazama mimi, akatabasamu.

Tuombe. Ee Bwana, wako watu jioni hii walio njiani kwenda kwa mgonjwa na hawafiki. Wako wanaongoja majibu ya daktari, na dereva aliyelala chini ya lori lake akingoja zamu yake. Kaa nao hapo walipo. Na wale wanaongojewa, wewe uwafikie kabla yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.