Ekegusii Hakina Hatia: Kivumishi na Kielezi katika Kiingereza cha Watoto Wetu

Wapo walimu na wazazi, hapa Nyakoe na kwingineko Kisii na Nyamira, wanaoshikilia kwamba mtoto akiandika "she sings good", ni lugha ya mama inayomharibia Kiingereza. Dai hilo limezoeleka hata halihojiwi tena, na gharama yake anailipa mtoto: anakatazwa Ekegusii. Mimi nalikataa. Msemaji wa Ekegusii hutenganisha kivumishi na kielezi kabla hajaijua shule. Mtu mwema ni "omonto omuya", lakini anayeondoka huagwa kwa "genda buya", na mtoto hayachanganyi maneno hayo mawili. Kiswahili nacho kina mwimbaji mzuri na anayeimba vizuri. Kiingereza ndicho kinachoificha tofauti hii: "fast" na "hard" hubaki vilevile, viwe vivumishi au vielezi, kwa kuwa kiishio -e kilichokuwa alama ya vielezi vingi vya Kiingereza cha kale kilidondoka karne nyingi zilizopita.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Uingereza kwenyewe. Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London mwaka 1777, alichapisha sarufi yake ya Kiingereza mwaka 1762, na humo akalaumu matumizi ya vivumishi mahali pa vielezi. Aliowatia hatiani si wanafunzi. Ni Shakespeare na Dryden. Nakithamini mno kitabu hicho, kwa kuwa Lowth hakuogopa jina la mtu: aliweka mifano mezani, akataja mwenyewe, akahukumu. Hukumu yake ilikuwa kali kupita kiasi, kwani alichokiita kosa kilikuwa desturi ya waandishi bora wa lugha hiyo. Hata hivyo ushahidi wake haupingiki. Dryden hakuwa na Ekegusii cha kusingizia.

Nitajibiwa kwamba sisi husema chakula kinanukia vizuri, ndiyo maana mtoto huandika "the food smells well". Hapo nakubali, Kiswahili humvuta. Lakini "the banana tastes sweetly" limetoka wapi, ilhali kwetu ndizi ni tamu tu? Limetoka ubaoni. Mtoto ameambiwa kwamba neno linalofuata kitenzi ni kielezi, na kwamba kielezi huishia -ly, naye ametii. Hakuambiwa kwamba "taste" hapo inafanya kazi ya "is": utamu ni wa ndizi, si wa tendo. Mpishi anapoonja mchuzi kwa makini, hapo "carefully" ina haki yake, maana umakini ni wa kuonja. Mwalimu akianzia "omuya" na "buya", atauliza tu kinachoelezwa ni kitu au tendo, na darasa litamjibu. Sera ya elimu ya Kenya inaruhusu lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo ya msingi. Basi Ekegusii kiandikwe ubaoni kando ya Kiingereza, tena katika somo hilohilo la Kiingereza.