Mti wa Ridhwani na Miti ya Ziara

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aotesheaye miti kwa maji ayateremshayo kutoka mawinguni. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Ndugu zangu Waislamu, mazungumzo yetu ya leo yahusu miti mikongwe ambayo watu huifungia safari, wakaifukizia ubani, wakaifunga vitambaa na kuiwekea nadhiri. Katika pwani yetu hii mti huo aghalabu ni mbuyu. Na aendaye huko si lazima awe asiyeijua dini. Mara nyingi ni Mwislamu aliyetia udhu, akasali Alasiri, kisha akachukua chetezo chake na kichupa cha marashi ya mawaridi.

Nalikuwa mtoto wa chuoni shangazi yangu aliponichukua kumfuata katika njia hiyo. Alikwisha kuzika watoto wawili, na wa tatu alikuwa mgongoni kwake akihema kwa homa. Tulipofika penye mbuyu alivua viatu, akanyunyiza marashi shinani, akafunga kitambaa cheupe. Nikamwuliza, "Shangazi, mbona twaomba kwa mti?" Akanijibu, "Mwanangu, mpaji ni Mungu. Mti huu siuabudu. Lakini hapa ni pahali pazito, na wazee wetu wote walipita hapa." Jibu hilo nimelisikia tena na tena tangu nilipoanza kusomesha. Lataka kujibiwa kwa heshima, kwani halisemwi kwa ujeuri.

Basi na tuutazame mti mmoja ambao hauhitaji masimulizi ya wazee kuuthibitisha, maana umetajwa ndani ya Qur'ani. Mwaka wa 6 wa Hijra, sawa na mwaka 628 wa Miladi, Bwana Mtume (S.A.W.) alitoka Madina pamoja na Masahaba wapatao 1,400, nia yao kufanya Umra. Wakazuiwa, wakapiga kambi Hudaibiya. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) akatumwa Makka kusema na Makureshi, akakawia, ikavuma habari kuwa ameuawa. Hapo Mtume akaketi chini ya mti, katika miti ya miiba iliyo jamii ya migunga, na Masahaba wakampa mikono kwa ahadi ya kutokimbia. Kwa kuwa Uthman hakuwapo, Mtume aliupiga mkono wake mmoja juu ya wa pili, akajulisha kuwa huo ni kwa ajili ya Uthman. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul Fat-h, aya ya 18, ya kwamba aliwawia radhi Waumini hao walipofungamana na Mtume chini ya mti.

Ikiwa upo mti uliostahiki kufungiwa safari, ni huo. Sasa tazameni mambo yalivyokwenda. Imam Bukhari amepokea kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba waliporudi mwaka uliofuata hawakupatikana watu wawili walioafikiana kuwa mti ni ule. Ibn Umar akasema kuwa ilikuwa rehema itokayo kwa Mwenyezi Mungu; na miongoni mwa aliyoyaeleza Ibn Hajar katika sherehe yake ni kwamba rehema ilikuwa huko kufichika kwake, watu wasije wakafitinika nao. Baada ya miaka, mtu mmoja katika Tabiina, jina lake Tariq, alipita katika safari ya Hija akakuta watu wanasali pahali fulani. Akauliza, akaambiwa kuwa ndipo penye mti wa Ridhwani. Alipomhadithia Said bin Musayyab, Said alicheka. Baba yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofungamana, naye alimweleza kuwa mwaka wa pili waliutafuta wasiweze kuujua. Said akawashangaa watu hao kwa kudai kuujua mti ambao Masahaba hawakuujua.

Imesimuliwa pia na Nafi' kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipata habari ya watu wanaouendea mti na kusali hapo, akawaonya, kisha akaamrisha ukatwe. Wanafunzi waangalie: Nafi' hakumwahi Sayyidna Umar, kwa hiyo sanadi ina pengo, na haifai kuihadithia mimbarini kana kwamba imo katika Sahihi mbili. Naye Jabir bin Abdillah (R.A.), alipokuwa mzee aliyepofuka, alisema kuwa lau angekuwa anaona angewaonyesha pahali pa mti ule. Yeye alipakumbuka, lakini katika maneno yake hayo hakumwita mtu aende akaombe huko.

Wala msidhani kuwa anayetamani mti wa baraka ni mtu mbaya. Abu Waqid al-Laithi (R.A.) amehadithia kuwa walipokuwa katika safari ya Hunain, mwaka wa 8 wa Hijra, waliupita mti wa washirikina uitwao Dhatu Anwat, waliokuwa wakitundika silaha zao juu yake. Baadhi ya waliokuwa na Mtume wakamwomba nao awawekee Dhatu Anwat yao. Walikuwa njiani kwenda kupigana jihadi, tena pamoja na Mtume mwenyewe! Naye aliwaambia kuwa wamesema kama walivyosema watu wa Musa, walipotaka wafanyiwe mungu kama wenziwao. Hakuwatoa katika dini kwa neno hilo, wala hakulinyamazia.

Uislamu haukuja kuwachukia miti. Gogo la mtende alilokuwa Mtume akiliegemea anapohutubu lililia alipofanyiwa mimbari, akashuka akalituliza. Msikiti ulipokuja kuvunjwa ujengwe upya, Ubayy bin Kaab (R.A.) alilichukua gogo hilo, likakaa nyumbani kwake mpaka likaliwa na mchwa. Gogo lililomlilia Mtume liliachwa likaliwa na mchwa, wala halikujengewa kuba. Na mibuyu hii yetu, ambayo ukongwe wake ndio hoja ya watu? Wataalamu waliopima mibuyu ya kusini mwa Afrika wamekuta iliyozidi miaka 2,000, na mwaka 2018 walieleza kuwa mingi katika ile mikongwe kabisa imekufa.

Kwa hiyo sikuambieni mchukue mashoka. Mti una kivuli chake na matunda yake. Uacheni, keti chini yake, chuma ubuyu wako. Linaloachwa ni kitambaa, chetezo na nadhiri. Mwenye kuweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu, atoe sadaka kwa mwenye njaa. Na safari ya kutafuta fadhila ya pahali pa kusali, Mtume ameitaja kwa misikiti mitatu: wa Makka, wa Madina, na Al-Aqsa.

Narudi kwa shangazi yangu. Mtoto yule alipona, na kwa miaka mingi akasema ni kwa ule mbuyu. Hakupenda kukumbushwa kwamba wale wawili wa mwanzo pia aliwapeleka pale pale. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa Qur'ani, alipopata habari hakumgombeza. Alikwenda kwake akamwomba radhi, kwa kuwa mara zote mbili alipofiwa, matanga yalipoondoka hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kumtazama. Alikuwa peke yake na homa ya mtoto usiku, na pahali pekee alipojua pa kwenda kulia palikuwa chini ya mti. Tangu siku hiyo baba alikuwa akipita kwake kila baada ya Ijumaa, akimsomea mtoto, akimhimiza kumpeleka kwa mganga wa hospitali. Kitambaa alikwenda kukifungua mwenyewe. Hakutumwa na mtu.

Enyi watu wa mtaa, mnamjua aliyefiwa mwezi huu. Mnamjua mwenye mgonjwa ndani. Leo, kabla ya Magharibi, piga hodi mlangoni kwake.

Ewe Mola wetu, uliye karibu na kila akuombaye, wapokee waliotoka wiki hii na watoto wao wagonjwa wasijue pa kuelekea. Wape watoto wao afya, uwaongoze kwako, na utusamehe sisi tuliowaacha. Amin.