Kuzima kwa Muda Mfumo wa Kuzuia Matairi Kuteleza katika Magari ya Zamani

Maelezo yaliyotolewa kwa wamiliki wa magari, madereva na mafundi wa Usa River, Wilaya ya Arumeru



Jambo nililoombwa kulieleza laweza kuonekana dogo kwa mtu asiyetoka kwenye lami. Kwa mkazi wa hapa, ambaye akiiacha barabara kuu ya Arusha na Moshi kwa hatua chache tu tayari yumo kwenye udongo, si dogo hata kidogo. Ni ile swichi iliyo karibu na usukani au jirani na mkono wa gia, yenye picha ya gari na mistari miwili iliyojipinda nyuma yake, au yenye herufi TRC OFF au VSC OFF. Katika magari ya Nissan na Subaru herufi zake aghalabu ni VDC. Wengi tunayo swichi hiyo garini pasipo kujua kazi yake. Wapo walioibonyeza kwa bahati mbaya, taa ya njano ikawaka, wakalipeleka gari gereji na kulipa fedha ili ibonyezwe mara ya pili.

Nianze na kazi yenyewe. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mzunguko wake; ni sensa zilezile zinazotumiwa na breki za ABS. Kompyuta ya gari huyalinganisha matairi. Ikiona tairi linalosukumwa na injini linazunguka kwa kasi isiyolingana na mengine, hutambua kwamba tairi hilo limepoteza mshiko. Hapo hupunguza nguvu ya injini, na katika magari mengi hulishika tairi hilo kwa breki yake peke yake. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutengeneza mfumo wa namna hii kwa wingi mwaka 1986, na Toyota iliuweka katika gari la Crown mwaka 1987. Mwaka 1995 ulikuja mfumo mpana zaidi, ambao Toyota huuita VSC. Huo huliangalia gari zima lisiserereke kwenye kona au dereva anapokwepa kitu ghafla.

Kwa miaka mingi mifumo hii haikuwa ya lazima. Marekani iliutaka ule mpana katika magari madogo yote mapya kuanzia toleo la 2012, na Umoja wa Ulaya katika magari mapya yote kuanzia Novemba 2014. Kwa hiyo magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja, yaliyoshuka bandarini Dar es Salaam kutoka Japani katika meli moja, yaweza kutofautiana: moja likawa nao na jingine lisiwe nao. Mnunuzi asikisie. Aangalie swichi, na aangalie dashibodi.

Sasa tuingie kwenye tope. Masika yakishika, kati ya Machi na Mei, njia zinazopanda kwenye mashamba ya migomba na kahawa mlimani Meru hugeuka utelezi, na zile za tambarare za kusini kuelekea Mbuguni hushikamana na tairi mpaka meno yake hayaonekani. Upande wa Ngarenanyuki, ambako mvua ni haba, adui ni vumbi la volkano, laini kama unga, lenye kina. Katika mahali pa namna hiyo tairi huhitaji kuzunguka kidogo bila kushika, ili lijisafishe na kufikia udongo mgumu ulio chini. Lakini kompyuta haijui tope ni nini. Inaona tairi linateleza, nayo inakata nguvu. Dereva anakanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho, injini inanguruma kwa unyonge, mwendo unakufa, gari linazama. Mwenye gari hudhani ameuziwa injini iliyochoka. Injini ni nzima, imezuiwa tu.

Hapo, na mahali kama hapo, ndipo swichi ile ilipowekwa kutumika. Hata vitabu vya watengenezaji vinasema hivyo: uzime mfumo ili kulikwamua gari lililozama kwenye tope, mchanga au theluji. Simamisha gari kabisa, injini ikiwa inawaka. Bonyeza swichi mara moja na kuiachia. Taa ya kuzimwa itawaka. Katika magari mengi ya Toyota yenye VSC, kubonyeza mara moja huzima udhibiti wa tairi peke yake, nao hurudi wenyewe gari likishapata mwendo. Ukishikilia swichi kwa zaidi ya sekunde tatu gari likiwa limesimama, unazima vyote viwili, na hivyo havirudi kwa sababu ya mwendo. Hurudi ukiibonyeza swichi tena, au ukizima injini na kuiwasha upya. Tafadhali ishikeni tofauti hiyo. Anayeshikilia swichi kule Leguruki, akajikwamua, akashuka mpaka lami na kuendelea na safari ya Moshi bila kuitazama dashibodi, anasafiri na abiria wake bila kinga anayodhani anayo.

Lakini si kila kukwama kunataka kuzima. Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja: tairi moja likikosa mshiko, lile la pili, hata likiwa juu ya jiwe kavu, hupata nguvu kidogo sana. Mfumo unaoshika breki ya tairi linalozunguka bure huilazimisha nguvu iende upande wa pili. Basi tairi moja likiwa kwenye shimo lenye tope na jingine kwenye ardhi ngumu, acha mfumo uwake, kanyaga mafuta taratibu bila kuachia, na uupe nafasi ya kufanya kazi. Ukizima hapo umejinyima msaidizi. Zima pale ambapo matairi yote yanayosukumwa yamo kwenye tope au mchanga na unaisikia injini ikikatwa pumzi.

Baada ya kuzima, mguu uwe mwepesi. Katika gari linalosukumwa na matairi mawili, mshale wa kasi ukionyesha 40 huku gari limesimama na tairi moja tu linazunguka, tairi hilo linazunguka kwa kasi ya 80. Ndivyo difu inavyofanya kazi. Tairi chakavu laweza kupasuka kwa mtindo huo, na difu na giaboksi huchemka. Vijana wanaosukuma wasisimame nyuma ya tairi linalozunguka, kwa maana jiwe linalorushwa hapo huvunja mguu. Ukijaribu mara tatu au nne bila gari kusogea, acha. Chimba mbele ya matairi, weka mawe au matawi, au tafuta kamba na gari la kukuvuta. Kuendelea kuzungusha ni kulizamisha gari mpaka likalie tumbo, na hapo swichi haina msaada.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja, nalo ni kuzimwa kusiko kwa muda.

Yako magari ya zamani yenye mfumo huu lakini bila swichi, na yako mengine ambayo taa ya njano imewaka yenyewe na haizimiki. Mwenye gari huenda gereji. Fundi asiye na mashine ya kusoma hitilafu huchukua njia fupi: huchomoa fyuzi ya ABS, au hukata waya wa sensa gurudumuni, kisha huitoa balbu ya taa au kuibandika gundi nyeusi. Dashibodi inakuwa safi, mteja anafurahi, na bei ilikuwa ndogo. Alichonunua mteja huyo ni gari lisilo na udhibiti wa matairi, lisilo na VSC, na lisilo na ABS, kwa kuwa vyote hutegemea sensa zilezile. Breki za kawaida hubaki, na ndiyo maana haoni tofauti siku ile. Lakini mara nyingi ule ugawaji wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma nao hupotea. Siku atakapokanyaga kwa nguvu kwenye lami yenye maji, matairi ya nyuma huweza kujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari likageuka likielekea lilikotoka.

Mafundi waliopo hapa wanajua kwamba sababu ya taa ile mara nyingi si kubwa. Yaweza kuwa sensa iliyojaa tope, waya uliokatika, beringi iliyofungwa kinyume, tairi moja la saizi tofauti na mengine, au sensa ya usukani ambayo haikurekebishwa baada ya kunyoosha matairi. Katika Toyota nyingi hitilafu ya injini nayo huiwasha taa ya VSC ingawa magurudumu hayana tatizo lolote. Kwa hiyo mteja aanze kwa kulipia kipimo, kisha aamue. Na fundi mwaminifu, akishindwa, aiache taa iwake. Taa inayowaka inamwambia dereva ukweli, tena itamwambia hata yule atakayelinunua gari baada yake.

Huyo wa baadaye ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, naye aweza kuwa yeyote kati yetu. Unapokwenda kutazama gari, yadi au kwa mtu binafsi kupitia kwa dalali, omba ufunguo mwenyewe. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini. Taa ya ABS na ile yenye picha ya gari linaloteleza lazima ziwake, zikae sekunde chache, kisha zizime, zikichelewa sana ukishawasha injini. Isipowaka kabisa, imefichwa. Wajanja zaidi huunganisha waya wake na taa nyingine, kama ile ya oili, ili ziwake na kuzima pamoja; basi tazama kama zinazima kwa nukta ileile. Halafu, injini ikiwaka, bonyeza ile swichi. Taa ya kuzimwa iwake. Bonyeza tena, izime. Isipoitikia, mfumo umekatwa au umeharibika, na bei haina budi kusema hivyo. Kipimo hiki hakichukui dakika mbili, wala hakihitaji fundi.

Usiridhike kwa kuambiwa kwamba gari lilikaguliwa lilipoingia nchini. Shirika la Viwango Tanzania lina wajibu wa kukagua magari yaliyotumika yanayoingizwa, lakini ukaguzi huo husema hali ya gari siku ile, wala hausemi yaliyofanywa gereji miaka mitano baadaye.

Ikiwa muuzaji anayefanya biashara ya magari amekuambia mfumo ni mzima, kisha ukagundua umekatwa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa, na malalamiko yako yapelekwe Tume ya Ushindani. Kwa hiyo maneno ya muuzaji yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano: ABS inafanya kazi, VSC inafanya kazi. Mwenye nia njema hatakataa kuandika mistari hiyo miwili. Piga picha ya dashibodi swichi ikiwa imewashwa, siku ileile ya kununua. Kwa kazi ya gereji, dai stakabadhi inayotaja kilichofanyika. Neno “matengenezo” peke yake halikusaidii. Ukija kulalamika, njoo na karatasi hizo, na gari lisiwe limeguswa na fundi mwingine, maana waya uliokwisha kuungwa upya hauonyeshi nani aliukata.

Karatasi yenye picha za taa nilizozitaja ipo mezani pale mlangoni. Kila mwenye gari achukue moja aiweke ndani ya gari lake, na mafundi wachukue mbili, moja waibandike ukutani mahali ambapo mteja anaiona.