TUJILINDE NJIANI
Hotuba ya mwakilishi wa wafanya kazi kwa wanachama wa Sotik



Katika mikutano yetu tumezoea kusema juu ya mshahara, nyumba na likizo. Leo nataka kusema juu ya njia ya kutoka kazini mpaka nyumbani, maana mshahara uliopiganiwa na chama mwaka mzima unaweza kunyang'anywa gizani kwa dakika moja.

Mnamkumbuka mwenzetu aliyevamiwa mwisho wa mwezi akirudi kambini kutoka mjini. Wezi walikuwa wawili, mmoja ana panga. Walitaka simu. Yeye hakuiachilia, wakavutana, akakatwa kiganja. Simu ilikwenda vile vile. Kidonda kimepona, lakini vidole viwili havikunjiki, na ninyi nyote mnajua kwamba majani mawili na chipukizi hayachumwi kwa vidole visivyokunjika. Simu hununuliwa tena dukani. Mkono hauuzwi Sotik, wala Kericho, wala Nairobi. Hilo ndilo neno langu la leo. Mengine yote yanafuata hapo.

Jambo la kwanza ni kuepuka. Hapa kwetu karibu na Ikweta jua huchwa upesi. Saa moja ya jioni ni giza tayari, na siku ya mvua ya alasiri giza hutangulia. Michai hufika kiunoni. Mtu akichuchumaa kati ya mistari humwoni mpaka umfikie. Kwa hiyo tembeeni katikati ya barabara, wala si kandokando ya michai. Ngojaneni langoni, mwende watatu au wanne. Mtu asiweke simu sikioni njia nzima, maana masikio yake ndiyo askari wake. Fedha za mshahara msizitoe zote siku moja, wala msizihesabu mbele ya watu. Namba ya siri ya simu asiambiwe mtu, hata rafiki wa kunywa naye. Na mlevi, ndugu zangu, ni kuku aliyefungwa miguu.

Jambo la pili: ukisimamishwa na mwenye silaha, mpe anachotaka. Usibishane, usimtukane, usimwambie kwamba umemtambua. Tupa simu au fedha upande mmoja, nawe ukimbie upande wa pili, kwenye taa au nyumba za watu. Huo si woga. Aliyefika nyumbani mzima kesho ataenda kazini.

Jambo la tatu: yako mashambulio ambayo mwovu hataki mali, anataka mwili wako, au amekukaba huwezi kukimbia. Hapo pigana, ila pigana kwa nia ya kuchomoka. Wengi wetu tunaogopa kabali ya nyuma, ile vijana wanayoiita ngeta. Ukikabwa, geuza uso upande wa kiwiko chake na kubana kidevu chini, ili koo lipate hewa. Shika mkono wake kwa mikono yako miwili, uuvute chini kwa uzito wa mwili wote. Mkanyage mguu kwa kisigino, mpige kiwiko mbavuni. Akilegea, chomoka upande ule wa kiwiko chake, ukimbie ukipiga kelele. Ukishikwa kifundo cha mkono, zungusha mkono wako kuelekea kidole gumba chake, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu, kisha uvute ghafla. Jizoezeni wawili wawili, polepole, bila kubanana shingo.

Jambo la nne ni sheria. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinakubali mtu ajitetee, lakini nguvu ziwe kadiri ya hatari. Mwizi aliyegeuka anakimbia, ukimfuata na kumkata, hujilindi tena; unatenda kosa. Akikamatwa, apelekwe polisi akiwa hai. Mara ngapi kelele za "Mwizi!" zimemwua mtu ambaye hakuiba? Wala asitafutwe mwizi kwa kabila lake. Tuliona mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilivyochomwa mpakani mwa Sotik na Borabu, na majirani waliofanya kazi pamoja wakakimbiana. Tusirudi huko kwa sababu ya simu.

Aliyeumizwa aende hospitali kwanza. Polisi wapigiwe simu 999 au 112, na kituoni aombe fomu ya P3, ambayo daktari huijaza juu ya majeraha. Mama au binti aliyetendewa uovu wa kimwili asioge, asifue nguo, afike hospitali siku ile ile, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita. Nasi tumsindikize, tusimwulize alikuwa akitafuta nini usiku.

Jambo la mwisho ni letu sote. Mtu mmoja akidai taa njiani huambiwa akanunue tochi. Chama kikidai, hukaribishwa mezani. Naomba mkutano huu ukubali mambo matatu yaingizwe katika mazungumzo yajayo na waajiri: taa kutoka langoni mpaka kambini, michai na vichaka vya kando ya njia vikatwe vifupi, na gari kwa wale wanaotoka zamu ya usiku kiwandani. Wakati tunangoja jibu, kila kambi ichague watu wa kusindikiza wenzao jioni, na kila mmoja anunue filimbi. Ikilia, wote tutoke na tochi.

Njia ni ile ile, giza ni lile lile. Lakini aliye peke yake ni mawindo, na walio wanne ni chama.

Umoja ni nguvu.